Harry Thuku na deni la watu wa Pangani

Wasomaji wetu wengi wanaokwenda Nairobi kwa shughuli zao wameipita ile barabara iliyo baina ya hoteli ya Norfolk na Chuo Kikuu. Barabara hiyo inaitwa Harry Thuku, na kwenye kona yake ya chini kipo kituo kikuu cha polisi. Mimi kila nikifika hapo hupunguza mwendo na kuwasomea fatiha watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Leo nataka kueleza sababu, na kwa kufanya hivyo itanilazimu nisimulie maisha ya Thuku mwenyewe, maana hayatengani na habari za watu wale.

Nianze na la nyumbani. Mimi ni mtoto wa Mji wa Kale, Mombasa. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na dada yake mkubwa aliyepanda gari la moshi kwenda bara akiwa bado kijana, baada ya ndoa yake kuvunjika. Kwetu jina lake halikuwa likitajwa. Akiulizwa, nyanya alisema dada yake amepotea, na mazungumzo yakaishia hapo. Mwaka 1977 nilipata nafasi ya masomo Nairobi na sikuwa na pa kufikia. Usiku wa kuamkia safari mama alinivuta kando, akanipa maelekezo ya nyumba moja Majengo, Pumwani, akaniomba nisimwambie mtu.

Nilimkuta bibi mzee, mwenye nyumba yake ya udongo na mabati, vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma, kama nyumba zetu za pwani. Alivaa kanga, alisali sala tano, na wapangaji wake wakimwamkia shikamoo kwa adabu. Huyo ndiye aliyepotea. Nilikaa kwake miaka miwili, na ndiye aliyenifunza kwamba Nairobi ya Mwafrika ilianzia kwa watu waliotengwa, na Harry Thuku alikuwa mmoja wao.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Nairobi 1899. Malkia Victoria alikuwa bado hai; alifariki Januari 1901. Kwa hiyo Nairobi ni mji uliozaliwa ndani ya utawala wake, na Waingereza walioujenga walikuja na mawazo waliyoyazoea kwao. London ya zama zile ilikuwa na upande wake wa mashariki, uliojaa makuli wa bandarini, washonaji, wezi wadogo na wanawake wa barabarani. Tangu mwaka 1824 kulikuwa na sheria iliyomtia gerezani mtu kwa kulala nje bila makao. Mwaka 1834 ikaja sheria ya maskini, iliyowaweka mafukara katika majumba ya kazi, mume mbali na mke, mtoto mbali na mama. Majumba hayo yalifanywa kwa makusudi kuwa magumu kuliko maisha ya kibarua wa chini kabisa, ili mtu asiyaingie ila ameshindwa kabisa. Umaskini ulihesabiwa kuwa nusu ya uhalifu.

Nairobi nayo ikapangwa vivyo hivyo. Mzungu alikaa vilimani, Mhindi akakaa sokoni, na Mwafrika akaonekana mtu wa kuja kufanya kazi na kurudi kwao. Kwa kuwa hakuhesabiwa mkaazi, hakujengewa pa kulala. Watu wakajijengea wenyewe. Vikatokea vijiji vyenye majina ya Kiswahili: Pangani, Maskini, Kaburini, na kimoja kilichoitwa Mombasa. Ndiyo, Nairobi ilikuwa na Mombasa yake. Waliovijenga ni wapagazi wa misafara, askari waliostaafu, wapishi, wachuuzi na mafundi. Wengine walitoka pwani wakiwa wameachwa huru, maana utumwa ulifutwa kisheria kwetu mwaka 1907 na mtu asiye na shamba wala ukoo alikuwa na sababu ya kujaribu bahati bara.

Na walikuwamo wanawake. Wapo waliokimbia ndoa za kulazimishwa, wajane walionyang'anywa mashamba, wasiozaa waliorudishwa kwao, na mabinti waliotoka kutafuta fedha ya kuwaokoa baba zao na deni. Walikodi chumba, wakapika chai na chakula, wakamwandalia mgeni maji ya kuoga na mahali pa kulala. Wengi wao waliishi kwa kuuza miili yao, sitaficha hilo. Lakini pia waliweka akiba, wakajenga nyumba, wakawa wenye kupangisha. Wengi waliingia Uislamu, na Uislamu ukawapa udugu mpya pale ule wa kuzaliwa ulipowakataa. Mwanamke aliyefukuzwa kijijini kwao alipata Pangani mtu wa kumwosha na kumzika.

Sasa tuje kwa Thuku. Alizaliwa mwaka 1895 Kambui, upande wa Kiambu, katika ukoo unaojulikana. Alisoma miaka minne katika misheni ya Kambui, kisha mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka 16, akaja Nairobi kutafuta kazi. Mwaka huohuo alitiwa hatiani kwa cheki ya kughushi, akafungwa miaka miwili. Wanaoandika sifa zake hupenda kuliruka jambo hili. Mimi siliruki. Kijana aliyetoka jela bila cheo wala mali aliijua Nairobi kwa upande wake wa nyuma, na baadaye alipozungumza na watu waliokimbizana na polisi kila siku, alizungumza na wenzake.

Alipotoka aliajiriwa kupanga herufi katika kiwanda cha gazeti la walowezi lililoitwa Leader. Kazi ile ilimpa Kiingereza kizuri, na ikamwonyesha kila siku yale walowezi waliyokuwa wakiyasema juu ya Waafrika. Mwaka 1918 alipata kazi ya ukarani wa simu katika ofisi za hazina ya serikali. Yaani mfungwa wa jana akawa ndani ya jengo ambamo kodi ya nchi nzima ilikuwa ikihesabiwa.

Miaka ile ilikuwa mizito. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimewachukua Waafrika kwa maelfu kubeba mizigo ya jeshi, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi. Mtaa wa Kariokor, hapo hapo Eastlands, umepata jina lake kutokana na kikosi hicho cha wapagazi. Waliosalimika walirudi wakakuta shukrani ya ajabu. Kuanzia 1919 na 1920 kila mwanamume wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande, karatasi ya alama za vidole na habari za kazi yake, iliyotiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Kodi ikapandishwa kutoka rupia 5 hadi 8. Mwaka 1920 bara ikafanywa koloni, huku ukanda wetu wa pwani ukibaki eneo la ulinzi kwa jina la Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi nzima. Juu ya hayo, waraka wa Gavana Northey wa 1919 ulikuwa umewahimiza machifu kuwatoa watu kwenda kufanya kazi kwa walowezi, wanawake na watoto wakiwemo. Mabinti walichukuliwa mashambani na kulazwa huko, na wengine walirudi wameharibiwa.

Juni 1921 Thuku na wenzake wakaanzisha chama cha vijana wa Kikuyu. Hakikukaa na jina hilo wiki nyingi. Thuku aliona kwamba Nairobi haikuwa ya kabila moja. Kipande kilimning'inia Mkamba, Mjaluo, Mganda na Mswahili sawasawa. Chama kikapewa jina la Afrika Mashariki nzima, na lugha iliyoweza kuwakusanya watu hao wote ilikuwa Kiswahili, lugha ya vibaraza vya Pangani. Alitoa hata karatasi ya Kiswahili iliyoitwa Tangazo, na alisaidiwa na Mhindi M. A. Desai aliyekuwa na gazeti lake mjini. Watu wa dini mbalimbali walikaa mkutano mmoja, Wakristo wa misheni na Waislamu wa vijijini vile. Hilo lilikuwa jambo geni, na serikali ililiogopa kuliko maneno yenyewe.

Alituma simu ya maandishi London kueleza malalamiko ya watu wake, na kwa hilo akapoteza kazi ya hazina. Hakurudi nyuma. Mwanzoni mwa 1922 alizunguka Murang'a na kwingineko akiwahimiza watu wakusanye vipande vyao wavirudishe kwa Gavana. Wanawake walimpenda kwa sababu alilitaja lile ambalo wazee walilionea haya, habari ya mabinti waliochukuliwa kwa nguvu. Wakamwita chifu wa wasichana.

Jumanne tarehe 14 Machi 1922 akakamatwa na kuwekwa katika kituo kile nilichokitaja. Siku ya pili wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Wapishi hawakwenda majikoni na madobi hawakufua. Watu wakakesha nje ya kituo wakiomba Mungu. Alhamisi tarehe 16 umati ulifika kama watu elfu saba au nane. Wajumbe sita walikwenda kumwona Sir Charles Bowring, mkubwa mmoja wa serikali. Waliporudi waliwaambia watu watawanyike, kwamba Thuku atahukumiwa kwa haki na hakuna haja ya fujo. Baadhi ya wanaume wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo alipotokea Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga, Murang'a, aliyekuwa akiishi Nairobi. Aliinua nguo yake mbele ya umati, akawaambia wanaume wampe suruali zao wao wavae gauni lake, kwa kuwa kiongozi wao yumo ndani na wao wanakwenda zao. Kwa Wakikuyu tendo lile la mwanamke ni laana kubwa kuliko zote. Wanawake wenzake wakapiga vigelegele, umati ukasonga hadi mitutu ya bunduki, na askari wakafyatua. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Wapo pia Wazungu waliokuwa barazani mwa hoteli ya Norfolk waliosimuliwa kuwa walipiga risasi watu wakiwa mbioni. Serikali ilitangaza waliokufa kuwa 21, wanawake wanne wakiwemo. Waliokuwapo walisema ni zaidi ya hapo sana.

Bibi yangu wa Majengo alifika Pangani miaka michache baadaye, lakini alipanga chumba kwa mwanamke aliyekuwapo siku ile. Alinieleza kwamba wanawake wengi waliosimama karibu na lango walikuwa wa mjini, wa vyumba vya kukodi, wale ambao nchi nzima ilikubaliana kwamba hawana haya. Nikamwuliza mbona hawakukimbia. Alinijibu kwamba mtu akishavuliwa heshima na kila mmoja, hana tena cha kuogopa kuvuliwa. Kisha akanituma nikamnunulie mafuta ya taa.

Thuku alihamishwa bila kushtakiwa wala kuhukumiwa. Alipelekwa Kismayu, ambako siku hizo kulikuwa bado chini ya Kenya. Mwaka 1925 Waingereza waliwapa Waitaliano nchi ile, naye akarudishwa upande wa huku, na mwisho akawekwa Marsabit. Chama chake kilipigwa marufuku. Lakini damu ile haikwenda bure yote. Kodi ilipunguzwa, na mwaka 1923 serikali ya London ilitangaza kwamba katika Kenya maslahi ya Mwafrika ndiyo yatakayotangulia. Tangazo hilo halikutekelezwa kama lilivyoandikwa, ila walowezi hawakupata tena nafasi ya kuifanya nchi kuwa yao peke yao kisheria.

Thuku alirejea Kiambu mwanzoni mwa 1931, baada ya karibu miaka tisa. Aliondoka kijana wa miaka 26, akarudi mtu mzima mpole. Mwaka 1932 alichaguliwa kuongoza chama cha Wakikuyu kilichorithi kazi yake, lakini akagombana na wenzake waliotaka njia kali zaidi. Mwaka 1935 alianzisha chama chake kingine kilichoapa kufuata sheria na kutii serikali. Mwaka 1944 alishiriki kuunda chama kilichokuja kuwa KAU na akawa mwenyekiti wake wa kwanza, ila hakukaa. Zilipokuja siku za Mau Mau, mwaka 1952 alisimama hadharani kuwapinga. Aprili 1954 wanajeshi walipozingira mitaa ya Eastlands, Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Bahati, na kuwazoa watu zaidi ya 20,000 kuwatia kizuizini, Thuku alikuwa upande wa serikali iliyofanya hivyo.

Yeye mwenyewe alikuwa ameshika kilimo. Alipanda kahawa, zao ambalo walowezi waliwanyima Waafrika kwa miaka mingi, akafanikiwa, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza katika bodi ya umoja wa wakulima wa kahawa. Aliuona uhuru wa 1963. Mwaka 1970 kitabu cha maisha yake kilitoka, na tarehe 14 Juni mwaka huohuo akafariki, mwenye umri wa miaka 75.

Na Pangani je? Serikali iliona kijiji kile kimekuwa kikubwa mno na huru mno. Tangu miaka ya mwanzo ya 1920 ilikuwa imepima viwanja Pumwani na kutaka Waafrika wote wahamie huko chini ya macho yake. Pangani ilikataa kwa muda mrefu. Mwishowe, kufikia 1939, ilibomolewa. Watu walibeba milango, madirisha na mabati yao wakapelekwa katika nyumba za manispaa zilizoitwa Shauri Moyo, jina linalobeba uchungu wote: utakwenda au hutakwenda, shauri la moyo wako. Wengi waliokuwa wenye nyumba wakawa wapangaji. Bibi yangu alitoa akiba yake ya miaka kumi, akanunua ile nyumba ya Majengo niliyomkuta nayo. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba Thuku alikuja kuwatazama.

Sisemi haya ili kumvunjia mtu heshima yake. Miaka tisa ya kuhamishwa bila hukumu si mchezo, na mwenye kuijua jela tangu ujana ana haki ya kuiogopa uzeeni. Alitufungulia njia, na mtu akifungua njia halazimiki kuitembea yote. Lakini naona wazi kwamba jina la barabara lilikwenda kwa mtu mmoja, na damu ilitoka kwa wengi. Aliyekuwa ndani ya kituo alitoka hai, akazeeka na shamba. Waliokuwa nje hawakuwa na kiongozi wa kuwadai.

Na sisi watu wa pwani tusijitoe. Tunapenda kukumbusha kwamba Majengo na Pumwani zilijengwa kwa mila zetu, kwamba lugha iliyowaunganisha watu wa 1922 ni yetu, kwamba misikiti ya Eastlands ni matunda ya watu wetu. Hayo ni kweli. Lakini waliopeleka mila hizo wengi wao ni wale tuliowafungia milango. Tunataka sifa ya kazi yao bila kuwataka wao.

Kwetu ilikuwa hivyo hasa. Niligundua nikiwa Majengo kwamba mabati ya nyumba yetu ya Mombasa, na ada yangu ya shule tangu darasa la kwanza, vilitoka kwa yule aliyepotea. Fedha ilipitia mikono ya mtu wa tatu ili pasiwe na wa kuuliza chanzo chake. Nyanya alijua. Mama alijua. Tulikula, tukasoma, tukaezeka, na jina lake halikutajwa.

Alifariki mwaka 1986. Walimwosha wanawake wa mtaani kwake, wakamkafini, wakamzika katika makaburi ya Waislamu Kariokor. Kutoka Mombasa tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Nyanya alikuwa hai bado, hakuja. Alilia chumbani kwake siku tatu, akawaambia wageni ana homa.

Sasa nyumbani kwetu jina lake linasomwa katika kila hitima, pamoja na la mume wa nyanya na la nyanya mwenyewe. Mwanzo wapo waliokunja uso. Siku hizi wajukuu wanauliza alikuwa nani, nasi tunawaambia. Silichapishi hapa kwa sababu wapo jamaa ambao bado hawajakubali, na hiyo ni haki yao. Ila najua kwamba karibu kila nyumba ya pwani ina mtu wake aliyepanda gari la moshi akaambiwa amepotea. Basi msomaji wangu, waulize wazee wako kabla hawajaondoka. Ukipata jina, litaje. Na siku ukipita Nairobi kwenye ile kona ya kituo cha polisi, simama kidogo, uwaombee na wale.